Masika Niliyokataa Kuruka

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeruka saa moja na dakika hamsini, kwenda Mwanza na kurudi. Kazi nimefanya saa kumi na tatu. Hizo saa kumi na moja na zaidi nataka niziandike mahali, maana watu wakiniuliza kazi yangu najibu rubani, na sipendi kusema uongo.

Alfajiri nimevuta petroli kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono, nikaichuja, nikajaza matangi. Nimekwangua tope kwenye magurudumu. Nimepima mizigo na wageni wawili. Mmoja alinuna kupandishwa kwenye mizani kama gunia la maharage. Mwanza, wageni wakiwa kikaoni, nimenunua wino wa printa, vitunguu na dawa ya mbu, kisha nimechukua suti ya meneja kwa dobi. Kurudi kambini nimechapa majina ya wageni wa kesho na kuyabandika kwenye milango ya vyumba. Tangu Teddy, katibu wetu, aache kazi mwezi uliopita, kazi zake zimehamia kwangu bila barua.

Nilimuuliza Bwana Juvenali, meneja wa kambi. Hakugomba. Alifungua mkataba wangu ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole palipoandikwa "na majukumu mengine atakayopangiwa".

Simchukii. Nilipokuwa natafuta kazi, wengine waliniuliza nitaolewa lini. Yeye aliniuliza nina saa ngapi za kuruka. Kampuni inatafuta madini kwenye vilima vya upande wa Ngara, kambi iko karibu na Nyakahura, ina ndege moja ya viti sita na rubani mmoja. Huyo ni mimi, Limi Ndassa, mtoto wa Runazi.

6 Machi

Mvua. Sikuruka. Nimefua mazulia ya ndege na kupanga mafaili ya likizo za watu wengine.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda Runazi kumsalimia mama. Tulikuwa tunapalilia mahindi wakati simu ilipoita mara ya tatu: meneja anataka kujua kama mkurugenzi anakula samaki. Mama alisimamisha jembe, akaniuliza kwa Kisukuma kama ile ndege inanibeba mimi au mimi ndiye ninayeibeba.

Nilimwambia ni mambo ya kazi. Akasema mambo ya kazi anayajua, ndiyo maana ameuliza.

12 Machi

Mlinzi wa uwanja wetu ni mzee Manirakiza, aliyekuja zamani kama mkimbizi kutoka Burundi. Uwanja wenyewe ni mita mia tisa za changarawe, upande wa juu mgumu, upande wa chini unaishia bondeni. Kila alfajiri anautembea wote na gamubuti zake, anakandamiza kisigino kila baada ya hatua kumi, kisha anapima maji kwenye kopo lililofungwa nguzoni na kuandika kwenye daftari la shule.

Leo nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia mvura ya jana, hivyo ndivyo anavyoiita mvua, imeingia ndani kule chini, kwa hiyo nisubiri hadi saa sita. Nilisubiri kwa kinyongo. Nadhani mzee anapenda tu kuwa na mtu wa kumsubirisha. Mimi nina leseni, yeye ana gamubuti.

15 Machi

Mvua. Nimebandika picha mpya za vilima kwenye ukumbi wa chakula.

21 Machi

Niandike hili kama lilivyokuwa, nisijipendelee.

Asubuhi mzee alisema nisiondoke kabla ya jua kupiga. Meneja alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika tano. Nilitazama uwanja nikiwa nimesimama upande wa juu, nikauona mkavu, nikaondoka. Kupaa hakukuwa na shida. Nilirudi saa tano, peke yangu na masanduku ya mboga. Nilitua vizuri, lakini nilipofika theluthi ya mwisho gurudumu la kushoto lilizama. Ndege ikageuka yenyewe kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Breki hazikufanya kitu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye mtaro.

Nilikaa ndani muda mrefu na mikono magotini. Nilimwona mzee anakuja, nikajiandaa kusikia maneno. Alikuwa amebeba jembe. Alichimba mbele ya gurudumu, akaweka matawi, tukasukuma pamoja hadi ndege ikatoka. Baadaye nilimwambia, "Mzee, nisamehe." Akajibu kwamba tope halina kinyongo, nami nisiwe nacho.

22 Machi

Nimeutembea uwanja wote pamoja naye, kwa mguu, na gamubuti za kuazima. Nimejifunza zaidi kuliko mwezi mzima.

27 Machi

Saa kumi na moja alfajiri meneja aligonga mlango wangu. Wageni wanataka nyama ya mbuzi, na kwa kuwa mimi ni Msukuma ninajua mifugo, basi niende kwa wafugaji wa Nyakahura kabla hawajapeleka wanyama sokoni. Nilikwenda na pikapu. Nilichagua beberu mweusi, akanikojolea sare. Saa mbili na nusu nikaruka kwenda Mwanza na sare hiyohiyo, na mgeni wa kiti cha mbele aliacha kidirisha wazi safari nzima.

Mchana kutwa nilikuwa nawaza. Marubani wote tunajaza fomu ya saa za kazi. Kitabu chetu cha taratibu kinasema rubani aliye peke yake asizidishe saa kumi na mbili kwa siku, na kinasema saa za kazi ni za kazi yoyote aliyopewa na mwajiri, angani au ardhini. Nimekuwa nikiandika kuanzia ninapoigusa ndege. Hayo mengine nilikuwa nayaonea aibu, kana kwamba nimeyaiba mimi.

Leo nimeandika hivi: "Saa 11:00 hadi 1:30, kununua mbuzi mmoja, beberu, Nyakahura, kwa agizo la meneja." Nikatia sahihi.

29 Machi

Meneja ameniita ofisini, fomu iko mezani. Aliniambia nimeweka mzaha kwenye karatasi ambayo wakaguzi wa anga wataisoma.

"Unataka wacheke?" aliuliza.

"Wacheke," nilisema, "lakini wahesabu."

Alinieleza kwa upole kwamba kambi haina watu, makao makuu wamekata nafasi nne, na yeye mwenyewe hajaiona familia yake tangu Krismasi. Nilimwamini. Macho yake ni mekundu kama yangu. Lakini nilimwambia uchovu wake hauwezi kuniondolea wangu. Aliniomba nijaze upya. Nilikataa.

2 Aprili

Mvua, milimita ishirini na mbili. Nimefungua na kufunga mapipa ya petroli, nimepeleka mito kufuliwa. Yote nimeandika.

4 Aprili

Mvua. Uwanja umefungwa. Sasa mzee ananionyesha daftari lake kabla hata sijauliza. Ana mvua za miaka kumi na moja humo ndani, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Nimegundua jambo. Kuvuta petroli, kuichuja, kupima mizigo, kutembea uwanjani, hizo nilizihesabu kama kazi za kunidhalilisha, nikazitia kapu moja na suti ya dobi. Nilikosea. Huo ndio urubani wenyewe. Ninachokataa ni kufanywa mtumishi wa kila mtu halafu niambiwe nishike usukani kana kwamba nimetoka kitandani.

9 Aprili

Mvua. Meneja hanisalimii. Mimi namsalimia.

Alhamisi, 17 Aprili

Mpishi anaumwa. Saa kumi alfajiri nilikuwa jikoni nachemsha maji ya chai ya watu kumi na wanne. Saa moja nilikuwa Benaco na pikapu kupokea wageni wawili walioingia kwa barabara kutoka Rusumo. Saa nne nilipanga viti ukumbini. Saa sita niligawa chakula. Saa nane mvua ikamwagika kama imekatwa kamba, ikaacha saa tisa. Kopo la mzee lilisoma milimita thelathini na moja.

Saa kumi jioni kikao kikaisha. Meneja alikuja kuniambia nipashe injini, mkurugenzi na wale wageni wawili wanatakiwa Mwanza kuwahi ndege ya Dar. Ijumaa Kuu hakuna nafasi nyingine. Nilimwambia siruki. Alidhani hajasikia vizuri.

Tulikuwa tumesimama kwenye kibaraza, na watu wote wa kikao wanatutazama, wale watatu wa kusafiri wakiwa na mabegi yao. Meneja alianza kueleza kwamba uwanja umekauka, ameutazama kutoka juu. Nilikumbuka nami niliutazama kutoka juu. Mzee Manirakiza alikuwa pembeni, kofia mkononi. Meneja alimuuliza kwa sauti kubwa kama uwanja uko sawa, sauti ya mtu ambaye ameshachagua jibu. Mzee alisema hauko sawa. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema.

Hapo mkurugenzi alinisogelea. Anaitwa Mama Joyceline, mwanamke wa makamo, nimembeba mara sita na hatujawahi kuzungumza zaidi ya mkanda wa kiti. Aliuliza, "Kama ungekuwa umepumzika, ungeruka?"

"Hapana, mama. Uwanja ni laini."

"Na kama uwanja ungekuwa mkavu?"

"Nisingeruka pia. Niko kazini tangu saa kumi alfajiri, saa zangu zimekwisha. Leo nina sababu mbili, na moja ingetosha."

Aliagiza gari liletwe. Waliondoka kwa barabara. Sijui kama alikasirika. Meneja alibaki kwenye kibaraza na midomo inamcheza. Aliniambia nimemvua nguo mbele ya watu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimesimamishwa kazi kwa "kukosa ushirikiano". Barua nimeichapa mwenyewe, kwa sababu printa haimtii mtu mwingine. Nimerekebisha makosa mawili ya herufi.

Pasaka, 20 Aprili

Runazi. Nilimweleza mama kila kitu. Nilitegemea aniambie nikaombe radhi. Ni yeye aliyeuza ng'ombe wa marehemu baba nikasomee hii kazi. Aliniongezea ugali, akauliza kama wangekuwa wamekufa wale watu, barua ya kunisimamisha ingeandikwa na nani.

21 Aprili

Nimerudi kambini kukabidhi ndege. Rubani wa muda ametoka Mwanza, anaitwa Tomasi. Namfahamu, alikuwa mkubwa wangu kwenye kazi ya kwanza, mtu mcheshi, mwenye mikono mizuri. Nilimwonyesha kila kitu, nikamwambia hata lile la tarehe 21 Machi. Mzee alimwomba asubiri siku mbili za jua. Tomasi alicheka bila ubaya, akamwambia ameshatua kwenye viwanja vibaya kuliko hiki. Meneja alicheka naye.

Jumanne, 22 Aprili

Usiku ulinyesha, milimita kumi na tisa. Saa mbili asubuhi Tomasi alipasha injini. Ndani alikuwa na meneja na masanduku tisa ya mawe ya sampuli. Nilimwona hajayapima. Mzee alikuwa ameweka bendera nyekundu katikati ya uwanja, kama anavyofanya akifunga. Meneja alishuka, akaing'oa, akairusha kwenye nyasi, akapanda tena.

Mimi na mzee tulikuwa kwenye kibanda. Ndege ilianza vizuri upande wa juu, ikachukua kasi, mkia ukatulia. Nilijikuta nasema polepole, inuka, inuka. Haikuinuka. Ilipoingia theluthi ya mwisho gurudumu la mbele lilizama, propela ikala udongo, sauti ikabadilika kuwa kitu ambacho sitaki kukisikia tena. Ilivuka mtaro, ikachoma pua kwenye shamba la mihogo, ikabaki imeinua mkia.

Tulikimbia. Sijui mzee wa umri ule alipata wapi miguu. Alifika kabla yangu. Petroli ilikuwa inatiririka kwenye bawa. Niliingiza mkono dirishani, nikafunga mafuta, nikazima swichi zote. Tomasi alikuwa anapumua na mfupa wa bega umevunjika, unaonekana chini ya shati. Meneja alikuwa amebanwa na masanduku, paji la uso limepasuka, anatetemeka mwili mzima. Nilikata mkanda wake kwa kisu cha mihogo alichonipa mzee. Aliponiona alinishika mkono, hakuuachia hadi tulipofika kwenye gari. Alikuwa analitaja jina la mkewe.

Wamepelekwa hospitali. Wote wako hai. Nimekaa shambani nikalia, si kwa ajili yao. Ile ndege niliichujia petroli kwa mikono yangu kila siku kwa mwaka mzima.

25 Aprili

Meneja amerudi na bandeji kichwani. Alikuja chumbani kwangu, akagonga kistaarabu, akaketi. Alinishukuru kwa kumtoa. Nilimwambia mzee alifika kwanza.

Kisha alitoa karatasi. Wachunguzi wa ajali wanakuja wiki ijayo. Karatasi inasema asubuhi ya tarehe 22 mlinzi Manirakiza aliukagua uwanja na kutamka kwamba ni mkavu, nami nilishuhudia. Nikitia sahihi narudi kazini kesho, na Tomasi hatalaumiwa, na kampuni haitafungiwa. Mzee ataachishwa tu, alisema, na kwa umri wake alikuwa anakaribia kupumzika.

Siandiki kwamba nilikataa papo hapo. Nilimwomba aniachie hadi jioni. Nchi hii ina kazi chache za urubani, na nafasi ya mwanamke aliyesimamishwa kwa kukosa ushirikiano naijua. Nilikwenda kwenye kibanda cha mzee, nikamweleza. Alikuwa anamenya mihogo. Hakushangaa.

"Mimi uraia wangu niliupata kwa karatasi, mwanangu," alisema. "Karatasi humpa mtu, na karatasi humnyang'anya. Usigombane nao kwa ajili yangu."

Ni hilo neno la mwisho lililonimaliza. Nilirudi ofisini, nikaiweka karatasi mezani ikiwa nyeupe pale pa sahihi.

"Bendera uliing'oa wewe," nilimwambia meneja. "Mimi niliona, na wewe unajua niliona."

Alisema nafikiria kwa hasira. Nilimwambia sina hasira kabisa, na ilikuwa kweli, jambo lililonishangaza.

Jumatano, 30 Aprili

Wachunguzi wawili, meza moja ukumbini. Waliita mtu mmoja mmoja, lakini milango ya kambi ni mbao nyembamba.

Nilipeleka fomu zangu zote, pamoja na ile ya mbuzi. Mchunguzi mkubwa aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Hakucheka. Aliuliza ni siku ngapi zilikuwa hivyo, nikamwambia zilizoandikwa ni ishirini na moja, ambazo sikuandika ni aibu yangu. Nilimweleza pia jinsi nilivyompuuza mzee mwezi Machi na gurudumu likazama. Meneja alikuwa ameshawaambia kwamba mlinzi hana mamlaka ya kufunga uwanja. Nilisema huenda hana, lakini udongo unao, na yeye ndiye anayeusoma.

Mzee aliingia na daftari lake. Alikaa nao saa nzima. Nilidhani wanambana, kumbe walikuwa wananakili mvua za miaka kumi na moja.

Wa mwisho alikuwa Tomasi, mkono shingoni, ametoka hospitali kwa ajili hiyo tu. Nilimtegemea ajitetee, ana watoto na leseni ya kulinda. Kupitia mbao nilimsikia anasema mzee alimwonya mara mbili, jana yake na asubuhi yenyewe, na kwamba aliiona bendera inang'olewa akafurahi. Alisema hivyo: akafurahi. Alipotoka alimpita mzee mlangoni, akasimama, akainama akamwamkia shikamoo. Siku ya kwanza hakuwa amemwamkia.

11 Mei

Mvua kidogo, ya mwisho mwisho. Niko Runazi, tunavuna maharage. Mgongo unaniuma vizuri.

20 Mei

Mama Joyceline amepiga simu mwenyewe. Bwana Juvenali amehamishiwa ghala la Dar. Nilimsikitikia kidogo, atakuwa karibu na mkewe. Kampuni inataka nirudi, ndege nyingine imekodiwa.

Nilimwambia nina masharti, akasema niyaseme. Nikasema katibu aajiriwe, na mtu wa jikoni wa pili. Siku ya kuruka nisipewe kazi isiyohusu ndege. Mzee Manirakiza apewe barua yenye mhuri kwamba akifunga uwanja umefungwa, kwangu, kwa meneja na kwake yeye mkurugenzi. Aliniambia nisubiri achukue kalamu, kisha niyarudie polepole, aandike.

Jumanne, 3 Juni

Masika yamekwisha. Vilima vimeanza kuwa na rangi ya mkate. Ndege mpya ililetwa jana, na leo nilitakiwa kuijaribu bila abiria wa kampuni.

Kiti cha pembeni kilikuwa wazi. Mzee ametunza uwanja huu miaka yote hiyo na hajawahi kupanda. Nilimwambia avue gamubuti apande, tuzunguke juu ya Nyakahura, aione nyumba yake, dakika ishirini tu. Aliizunguka ndege taratibu, akaligusa bawa, akatabasamu, akarudi nyuma.

"Nikiwa huko juu na wewe," alisema, "nani atakuwa huku chini wa kukuambia usitue?"

Nilipaa peke yangu saa tatu na dakika kumi.